Upepo Tisa

Mstari wenyewe ulikuwa mmoja tu. Uliandikwa kwa kalamu ya bluu katikati ya ukurasa wa kitabu cha ghala, ambao karibu wote ulikuwa wa wino mweusi, na Leena Chauhan aliusoma mara tatu kabla ya kuinua macho.

*Saa tano na dakika kumi na mbili. Evans kauliza hali ya hewa. Upepo 9. Kavu mpaka usiku. Radi baada ya usiku wa manane.*

Upande wa pili wa meza alikaa Balbir Sandhu, msimamizi wa ghala hilo la Hayes, magharibi ya London, mikono yake miwili ameiweka juu ya magoti. Nyuma yake kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha uwanja ambako Evans Kaijage, dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mtu wa Bukoba mwenye miaka thelathini na minane, aliangukiwa na mapaleti matupu, vile vichaga vya mbao vya kubebea mizigo, Jumanne ya dhoruba ya Februari. Sasa ilikuwa mwishoni mwa Machi. Ndege za uwanja wa Heathrow zilipita chini chini juu ya paa, na kila moja ilipopita wote wawili walinyamaza kuisubiri.

Leena alikuwa mpelelezi wa mahakama inayochunguza vifo vya ghafla. Kabla ya hapo alikuwa polisi kwa miaka kumi na miwili. Alizaliwa Mwanza, akaja London akiwa na miaka kumi na saba. Balbir alizaliwa Kisumu. Mahojiano yalikuwa yameanza kwa Kiingereza, lakini walipofika kwenye jina la marehemu Balbir aligeukia Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyozungumza naye kila siku kwa miaka sita, na Leena akamfuata.

"Kalamu ya bluu ilitoka wapi?" aliuliza.

"Yangu iliisha wino. Nikaazima ya mlinzi wa geti."

"Uliirudisha lini?"

"Lori lilipokwisha kuingia."

Leena aliteremsha kidole. Chini ya mstari ule ulikuwepo mwingine wa bluu: lori la saa tano na dakika ishirini, namba yake, na sahihi ya dereva. Baada ya hapo wino mweusi ulirudi. Wakili wa familia ya Evans alikuwa ameandika kwa mahakama kwamba mstari wa hali ya hewa uliongezwa baada ya ajali ili kumtupia marehemu lawama. Leena alipima nafasi kati ya mistari kwa rula yake ndogo. Yote ililingana. Kama mstari ule uliongezwa baadaye, basi na sahihi ya dereva iliongezwa baadaye.

Alimpigia dereva wa lori simu hapo hapo. Aliitwa Miradie, Mkongo, na alikuwa ameegesha lori mahali fulani kando ya barabara kuu ya magharibi. Alikikumbuka kitabu, aliikumbuka na kalamu. Alisema alitia sahihi chini ya maneno ya hali ya hewa, na alikuwa na hakika kwa sababu aliyazungumzia. Alimwambia yule mzee kwamba barabarani upepo ulikuwa unalisukuma lori hadi njia ya pili.

Leena aliweka simu chini, akamtazama Balbir.

"Hukuniambia hilo."

"Hapana."

"Ulimjibu nini?"

Balbir alisubiri ndege ipite. "Nilimwambia kitabu kinasema tisa."

Mengine aliyatoa mwenyewe, bila kuvutwa. Kompyuta za ghala zilifungiwa tovuti zote za nje, na simu za wafanyakazi wote zilikaa kwenye makabati karibu na mlango mkuu, yake ikiwa miongoni mwazo. Yeye ndiye aliyemtuma Evans nje akayafunge marundo ya mapaleti kwa mikanda kabla ya malori ya mchana. Evans alisimama mlangoni akasema leo siupendi huu upepo, ngoja niulize kwanza. Akatumia simu ya mezani, hiyo hapo. Alizungumza na mkewe kidogo, akakata, akamsomea Balbir alichoambiwa. Kisha akavaa koti, akatoka. Alifanya kazi zaidi ya saa moja, na saa saba kasoro robo rundo la mwisho likamwangukia.

"Kutoka kiti hiki mpaka kwenye kabati langu ni hatua themanini," Balbir alisema. "Nimezihesabu baadaye. Kabla sikuwahi kuzihesabu."

Leena aliandika hilo pia.

Kabla ya kuondoka alimwomba fundi wa kompyuta amfungulie sanduku la barua pepe la afisa usalama. Afisa mwenyewe alikuwa ameacha kazi Novemba na nafasi yake ilibaki wazi, lakini sanduku lake liliendelea kupokea. Tahadhari za dhoruba zilikuwamo, tatu, hakuna iliyofunguliwa. Ya kwanza, ya rangi ya njano, iliingia Jumatatu asubuhi. Ya pili iliirudia jioni. Ya tatu, ya rangi ya chungwa, yaani kali zaidi, iliingia Jumanne saa mbili unusu, zaidi ya saa nne kabla ya mapaleti kuanguka. Ilisema upepo wa ghafla ungefika maili sitini kwa saa na kwamba vitu vya nje visivyofungwa vingekuwa hatari kwa maisha. Fundi aliisoma juu ya bega la Leena, akatoka nje.

Kuonyesha kosa la kampuni, hilo lingetosha. Lakini bado kulikuwa na ile tisa.

Eufrasia, mjane wa Evans, alikwishatoa maelezo yake wiki ya kwanza. Alikuwa muuguzi hospitalini Lewisham, wa shifti ya usiku. Alisema ndiyo, mumewe alipiga, akamkuta amelala, akamsalimia tu. Kwamba Evans ndiye aliyemwambia msimamizi hali ni shwari, hilo alilikataa kabisa. Mume wake hakuwa mtu wa kubahatisha. Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya waumini wenzake akasema huyo Balbir ni mwongo, na wengi waliokuwapo walifanya kazi maghala ya Hayes au walikuwa na ndugu huko. Tangu siku hiyo Balbir alikula chakula cha mchana peke yake ndani ya gari.

Ijumaa nzima Leena alikaa mbele ya kompyuta. Alijua ugumu wa kazi yenyewe: mtandaoni utabiri haukai. Saa yake ikipita unafutwa na mwingine unakalia nafasi yake, na kinachobaki ni vipimo vya upepo uliokwisha kuvuma. Vipimo alivipata upesi, katika ripoti ambazo viwanja vya ndege huwawekea marubani kila nusu saa. Saa sita na dakika hamsini adhuhuri ile, karibu na Hayes, upepo wa ghafla ulifika maili hamsini na nane. Utabiri wenyewe aliuomba kwa barua kwenye ofisi ya hali ya hewa na kwa kampuni mbili zinazotengeneza programu za simu, na majibu yote yalikuwa yamekwisha kufika. Hakuna utabiri hata mmoja uliosema upepo wa chini ya maili thelathini.

Akakumbuka kwamba London ina Hayes mbili, ya magharibi karibu na uwanja wa ndege na ya kusini upande wa Bromley, na watu huzichanganya kila siku. Kwa saa moja alidhani amefika. Alipoipata Hayes ya kusini, utabiri wake ulikuwa thelathini na nne, ukipanda mpaka hamsini na tano. Haikuwa hiyo. Akajaribu tarehe: labda mke alisoma siku nyingine. Lakini wiki ile nzima hakuna siku iliyotabiriwa tisa, na hakuna mahali popote katika kisiwa kizima cha Uingereza palipotabiriwa radi usiku wa manane. Neno hilo lilimsumbua kuliko namba. Mtu anayetunga uongo kuhusu Februari ya London hutunga mvua. Radi haimjii akilini.

Jumapili alikwenda Neasden kula na baba yake, kama ilivyokuwa desturi yao tangu mama afariki. Jitendra alikuwa na miaka sabini na tisa. Zamani aliuza misumari, rangi na mabati katika mtaa mmoja wa Mwanza. Sasa asubuhi alikwenda hekaluni, na mchana alimpikia binti yake dengu zisizo na chumvi ya kutosha. Alikaa, akavaa miwani, akachukua simu.

"Leo Mwanza upepo kumi," alisema. "Mchana pakavu. Radi usiku."

Leena alikuwa anachota wali. Aliurudisha mwiko ndani ya sufuria.

"Baba, umeandika nini hapo ili upate hiyo?"

"Sijaandika kitu. Nikifungua ndiyo hiyo inatoka."

"Na ya London?"

Mzee alimwonyesha. Alisukuma kioo kwa kidole mara moja, London ikatokea. Akasukuma tena, Mwanza ikarudi. Programu ilifunguka pale ilipoachwa mara ya mwisho, na yeye siku zote aliiacha Mwanza. Jina la mji lilikuwa juu, kwa herufi nyembamba za kijivu. Namba za upepo zilikuwa kubwa.

"Kwa nini hutazami ya London?"

"Ya London naiona dirishani," Jitendra alisema.

Walikula. Baba alizungumza habari za hekalu na za jirani anayetaka kuhamia kwa mwanawe Leicester, na Leena aliitikia panapohitajika. Alipokuwa anaosha vyombo alitafuta kwa simu hali ya hewa ya Bukoba katika Februari: upepo wa ziwani, siku kavu, radi za usiku zinazokuja kutoka majini. Ushahidi haukuwa hapo, lakini sasa alijua swali la kuuliza na alijua ni nani wa kuulizwa. Baba yake alimwona amesimama na maji yanamwagika, akafunga bomba mwenyewe.

"Kazi?" aliuliza.

"Kazi. Nilidhani namtafuta mwongo."

"Na sasa?"

"Sasa natamani angekuwepo."

Jumatatu saa tisa alasiri alipanda ngazi za jengo la ghorofa Lewisham. Eufrasia alifungua mlango akiwa tayari na sare ya kazi, maana wiki ile alihamishiwa zamu ya jioni, kitambaa cha nywele bado mkononi. Binti yake, Jennifer, alikuwa shuleni. Alimkaribisha, akamwekea chai ya maziwa, akauliza kama mahakama ilikuwa imeisoma ile barua ya wakili. Leena alisema imesomwa. Alimweleza kwamba ana maswali machache kuhusu ile simu, na kwamba yeye Eufrasia ana haki ya kuyajibu wakili akiwapo. Eufrasia akasema hana la kuficha, dada aulize tu.

"Mama Jennifer, alipopiga, maneno yote mliyosema yalikuwa yapi? Hata madogo."

Eufrasia aliketi. Alikuwa amerudi kazini saa tatu asubuhi siku ile, alisema, amelala kama mzigo. Evans alimuuliza kama amemwamsha. Alimuuliza kama mtoto alikunywa uji. Kisha akataka amtazamie upepo kwenye simu.

"Nikamtazamia. Nikamsomea. Nikalala tena." Alisema hivyo kama mtu anayetaja kufunga mlango. "Yalikuwa ya usingizini, dada. Wala sikuyaweka kwenye maelezo."

"Ulimsomea nini?"

"Kilichoandikwa."

"Unakumbuka namba?"

"Hapana."

"Jumatatu jioni, siku moja kabla, ulitazama hali ya hewa ya mahali pengine?"

Hapo alifikiri. Ndiyo. Kaka yake alikuwa anaiezeka upya nyumba ya mama yao kule Bukoba. Waling'oa mabati yote ya zamani, mama akalala kwa jirani, na kaka aliomba atazamiwe kama Jumanne itakuwa kavu, maana kule mtandao unasumbua. Aliitazama wakati wa mapumziko kazini, akaipiga picha, akamtumia kwa WhatsApp.

"Picha hiyo unayo?"

Eufrasia alichukua simu. Leena alijua kwamba angeweza kusimama hapo, akasema ataiomba kwa wakili, akaiacha siku hii imalizike kwa mwanamke huyu kwenda kazini kwake. Lakini shauri la kuchunguza kifo lilikuwa Alhamisi na saa zilikuwa chache, na swali lilikuwa limekwisha kutoka. 

Ili kuifikia Jumatatu ile ilibidi Eufrasia apande kwenye mazungumzo yake na kaka kuanzia leo kurudi nyuma. Alipita taratibu za mazishi, tiketi za ndege, picha za kaburi na mashada. Alipita salamu za pole ambazo kaka yake alimtumia kwa niaba ya watu wa kijiji, moja baada ya nyingine, jina kwa jina, kidole chake kikisukuma na kusukuma. Kisha pole zikaisha ghafla. Ikabaki picha moja, na chini yake kaka ameandika asante dada, kesho tunapiga mabati.

Bukoba. Jumanne. Upepo 9. Kavu. Radi baada ya usiku wa manane.

"Hii ni ya nyumbani," Eufrasia alisema, akimgeuzia Leena simu aione vizuri. Mkono wake ukabaki hapo hapo hewani.

Leena alitoa nakala ya ukurasa wa kitabu cha ghala kwenye faili, akaiweka mezani. Hakuisogeza. Eufrasia aliinama akausoma mstari wa bluu. Aliusoma, akaitazama picha, akaurudia tena mstari.

"Nilimsomea ya Bukoba," alisema.

"Programu ilifunguka pale ulipoiacha. Ulikuwa umetoka shifti ya saa kumi na mbili mfululizo."

"Nilimsomea ya Bukoba, akatoka."

Leena alimweleza yale mengine, yote, kwa mpangilio. Tahadhari tatu ambazo hakuna aliyezifungua. Afisa usalama aliyeondoka na nafasi yake ikaachwa wazi. Tovuti zilizofungiwa. Dereva aliyesema upepo unalisukuma lori. Alisema sheria inaitaka kampuni ijue hali ya hewa yenyewe kabla ya kumtoa mtu nje, na haiweki kazi hiyo juu ya mke aliyelala Lewisham, na kwamba ndivyo atakavyoandika na anaamini ndivyo mahakama itakavyoona.

Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo yote ni kweli, dada," alisema. "Na hili nalo ni kweli."

"Ndiyo."

"Utaliandika?"

"Lazima."

"Na litasomwa. Mama mkwe atakuwa anatazama kwa video."

"Litasomwa. Unaweza kumwambia wewe kabla."

Eufrasia alikifunga kitambaa kichwani polepole, akakifungua tena. Hakulia. Aliuliza kama Evans aliposikia ile tisa alibisha, kama alisema hata neno. Leena alisema kwa maelezo ya Balbir hakubisha. Aliisoma kama alivyoambiwa, akavaa koti.

"Aliniamini," Eufrasia alisema. "Basi andika na hili. Andika kwamba aliuliza. Ghala zima lile, na meneja wao, na kompyuta zao, hakuna aliyeuliza. Yeye aliuliza."

Leena aliandika hapo hapo, mbele yake, na kumsomea alichoandika. Eufrasia akatikisa kichwa kukubali.

Baada ya hapo alisema anataka kuzungumza na yule Balbir. Utaratibu haukumruhusu Leena kumpa namba ya shahidi, wala mashahidi kujadili ushahidi wao kabla ya shauri, na alimwambia hivyo. Eufrasia alisema hana cha kujadili. Ana neno moja, na hawezi kungoja mpaka Alhamisi na kulisema mbele ya mawakili. Leena alitoka kwenye korido akampigia bosi wake, akaeleza, akasikilizwa kwa kuguna. Bosi alisema basi liwe neno moja tu, simu iwe ya Leena, na Leena akae hapo hapo. Ndipo akampigia Balbir, akamuuliza kama yuko tayari. Balbir akasema yuko tayari, ngoja azime gari.

Eufrasia aliipokea simu akiwa amesimama, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Bwana Balbir, shikamoo. Ni mke wa Evans. Nilikuita mwongo mbele ya watu. Nilikosea. Ile namba ni mimi niliyempa. Jumapili nitasimama pale pale niseme."

Leena alikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti ya mzee, nyembamba na ya mbali.

"Usisimame, dada yangu," Balbir alisema. "Wewe ulikuwa umelala. Mimi nilikuwa macho, na dirisha lilikuwa nyuma yangu."

Eufrasia aliketi kwenye mkono wa kochi, simu ingali sikioni, na Balbir naye hakukata. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache, na basi la kumpeleka kazini lilikuwa limekwisha kupita.